Nani Ameangalia Akaunti Yako? Kompyuta Ina Daftari Lake

"Kwani mtu anayefanya kazi kwenye kampuni ya malipo anaweza tu kuingia na kuona nina pesa ngapi?"

Swali hili ni la haki kabisa, na watu wana sababu nzuri za kuliuliza. Mama anayeuza omena kwa jumla pale Dunga hataki mnunuzi wake ajue salio lake kupitia rafiki aliyeajiriwa mahali fulani, halafu aje kumkandamiza bei. Mweka hazina wa chama kule Kondele hataki watu wajue pesa za kikundi zimefika kiasi gani. Na kuna mtu aliyeachana na mwenzake vibaya, akahama kutoka Homa Bay akaja Kisumu. Huyo ana hofu kubwa zaidi: je, yule mtu anaweza kujua ninatolea pesa kwa wakala gani, na hivyo ajue ninaishi wapi?

Jibu fupi ni hili. Ndiyo, wapo wafanyakazi wanaoruhusiwa kufungua rekodi za wateja. Bila wao, siku utakayotuma pesa kwa namba isiyo yake, hakuna mtu angeweza kukusaidia. Lakini kila anayefungua rekodi anatakiwa kuacha alama, na mfumo ukijengwa vizuri, alama hiyo haiwezi kufutwa na yule aliyeiacha.

Leo tunaeleza alama hiyo inaandikwaje. Hatutasema mashine zetu ni za aina gani wala ziko wapi, maana hiyo ni siri ya usalama. Tutaeleza kanuni zenyewe, tukitumia mfano wa kompyuta kuu zinazoendeshwa na Linux, kwa sababu huko ndiko mambo haya yanaonekana wazi zaidi.

Tuanze na kauntabuku ya wakala

Kama umetumia pesa kwa simu tangu M-PESA ilipoanza Machi 2007, unaikumbuka kauntabuku ya wakala. Ukitoa ama ukiweka pesa, wakala anaandika tarehe, jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu na kiasi. Wewe unatia sahihi. Ukirudi kesho na malalamiko, ukurasa uko pale.

Kitabu kile kilifanya kazi nzuri, lakini kilikuwa na udhaifu wa aina tatu. Kwanza, aliyesimama nyuma yako kwenye foleni angeweza kusoma jina lako na namba yako bila shida. Pili, mwenye kitabu angeweza kuchana ukurasa, naye ndiye huyo huyo unayemlalamikia. Tatu, kitabu kiliandika nani *alitoa pesa*. Hakikuandika nani *alisoma kitabu*.

Huo wa tatu ndio mkubwa. Mwizi wa habari hahitaji kuchukua hata shilingi moja. Anasoma tu, anafunga, anaenda zake. Kwenye karatasi, kusoma hakuachi alama. Kwenye kompyuta kunaweza kuacha, lakini lazima mtu aiamuru kompyuta iandike.

Jengo moja, wapangaji wengi

Kompyuta kuu, ambayo mafundi huiita meinfremu, si kitu kipya. IBM ilitangaza ukoo wake wa System/360 tarehe 7 Aprili 1964, na hadi leo wajukuu wa mashine hizo wako kwenye mabenki makubwa duniani. Mwezi Desemba 1999 IBM ilitoa kazi iliyowezesha Linux, mfumo endeshi ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, kuendeshwa juu ya mashine hizo. Mwaka 2015 ikaleta LinuxONE, kompyuta kuu zilizotengenezwa kwa ajili ya Linux peke yake.

Sifa kubwa ya kompyuta kuu ni kwamba mashine moja inagawanywa ikawa kama kompyuta nyingi. Ni kama nyumba ya kupanga: jengo ni moja, vyumba ni vingi, na kila mpangaji anafunga mlango wake. Chumba kimoja kinaendesha malipo, kingine kinatuma ujumbe wa uthibitisho, kingine kinatengeneza ripoti za mwisho wa mwezi. Kila chumba kina Linux yake, na kila Linux inajiona iko peke yake.

Sasa, mwenye nyumba yoyote ya kupanga anajua ugomvi wa kwanza ni wa bili. Nani ametumia maji mengi? Ugomvi wa pili ni wa ufunguo. Nani aliingia chumba cha mwenzake? Kompyuta kuu ina daftari kwa kila ugomvi.

Daftari la kwanza: nani ametumia kiasi gani

Watu wa Nyalenda wanaelewa jambo hili. Kwenye mitaa kama hiyo, KIWASCO huuza maji kwa jumla kupitia mita kuu, halafu msimamizi wa eneo anayagawa kwa vioski na nyumba, kila mmoja na mita yake. Ukijumlisha mita ndogo na usipate kile mita kuu inasema, kuna bomba linavuja ama kuna mtu amejiunganishia.

Kompyuta kuu hufanya vivyo hivyo. Mtambo unaogawa vyumba una mita yake, na Linux ndani ya kila chumba ina ya kwake. Wanapima muda wa prosesa, kumbukumbu, na kazi ya diski. Linux ina hata daftari la zamani lililorithiwa kutoka Unix ambalo, likiwashwa, huandika kila programu inapomaliza kazi: iliitwa nani, aliyeiendesha ni nani, ilianza saa ngapi, ilitumia prosesa kiasi gani.

Zamani mita hizo hazikuwa zikisomeka sawa. Linux ilikuwa ikihesabu muda kwa kuchungulia mara 100 kila sekunde: programu itakayokutwa ikifanya kazi wakati huo inaandikiwa kipande chote cha muda. Ni kama kondakta wa matatu ya kwenda Ahero anayehesabu abiria kwenye stage kuu peke yake. Aliyepanda katikati na kushuka katikati amesafiri bure. Na kwenye jengo la wapangaji ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu chumba kingeweza kuandikiwa muda ambao prosesa ilikuwa imeenda kumhudumia jirani.

Tangu toleo la 2.6.11 la mwaka 2005, Linux ina safu maalum ya muda huo, na mafundi wanauita "muda ulioibwa". Ni muda ambao chumba kilikuwa tayari kufanya kazi lakini prosesa ilikuwa kwa jirani. Mwaka 2008, toleo la 2.6.24 likaleta vikundi vya udhibiti, kazi iliyoanzishwa na wahandisi wa Google. Kwa vikundi hivyo, msimamizi anaweza kusema: ripoti zisile zaidi ya kiasi hiki, malipo yapewe kipaumbele.

Inakuhusu vipi? Fikiria tarehe 30 jioni, ama wiki ya kufungua shule. Mishahara inaingia, wazazi wanalipa karo, na wakati huo huo kazi za ripoti zinaendelea. Kama hakuna mita wala mipaka, ripoti moja inaweza kuzubaisha malipo. Ujumbe wako wa uthibitisho unachelewa, wewe unadhani pesa haikwenda, unatuma tena. Sasa karo imelipwa mara mbili, na wiki nzima unafuatilia kurudishiwa. Mita iliyosomwa vizuri inazuia hilo kabla halijakufikia.

Daftari hili pia hufichua wezi. Programu ambayo kila usiku hutumia prosesa dakika mbili, ghafla imetumia saa mbili usiku wa manane. Kwa nini? Labda ni kosa la fundi. Labda kuna mtu ananakili rekodi za wateja. Mita haijui jibu, lakini inakuonyesha pa kuanza kuuliza.

Daftari la pili: nani alifungua mlango

Hapa tunarudi kwenye swali lako la mwanzo. Kuna ngazi mbili.

Ngazi ya juu ni programu ambayo mhudumu wa wateja anatumia. Ukipiga simu na yeye akafungua akaunti yako, programu inatakiwa kuandika: mhudumu fulani, akaunti fulani, saa fulani, aliangalia salio ama taarifa ya miamala. Kukiwa na utaratibu mzuri, kila ufunguzi unaambatana na namba ya malalamiko. Mhudumu aliyefungua akaunti ya mtu ambaye hakupiga simu ana swali la kujibu.

Ngazi ya chini ni ya mafundi. Hawa hawapiti kwenye programu. Wanaweza kugusa faili zenyewe. Huko ndiko mfumo wa ukaguzi wa Linux unafanya kazi. Unakaa ndani ya kiini cha mfumo, mahali ambapo kila ombi la kufungua faili lazima lipite. Msimamizi anaandika kanuni: faili hizi zikisomwa, zikibadilishwa, ama mtu akijaribu na akanyimwa, andika. Neno "akanyimwa" lina uzito. Mtu aliyejaribu mlango mara kumi bila kufanikiwa anaonekana hata kama hakuiba chochote.

Kuna jambo moja kwenye mfumo huu ambalo sisi tunalipenda sana. Kwenye Linux, fundi anaweza kujigeuza. Anaingia kwa jina lake, halafu anavaa koti la msimamizi mkuu, akaunti inayoitwa "root", ambayo inaruhusiwa karibu kila kitu. Daftari la kawaida lingeandika tu "root amefungua faili". Root ni nani? Wako mafundi watano wenye koti hilo. Lakini mfumo wa ukaguzi unabeba namba ya pili, namba ya mtu *alipoingia mara ya kwanza*. Abadilishe koti mara ngapi, namba ile inamfuata hadi atoke. Kwa hiyo daftari linasema: koti ni la root, lakini aliyelivaa ni huyu.

Na yule anayechana ukurasa? Kuna kinga tatu. Moja, kanuni zinaweza kufungwa, zisibadilike hadi mashine izimwe na kuwashwa upya, na kuizima kwenyewe kunaonekana. Mbili, kila mstari unaweza kutumwa papo hapo kwenye mashine nyingine ambayo fundi huyo hana ruhusa ya kuingia. Akifuta huku, nakala iko kule. Tatu, mashine inaweza kuamriwa isimame kabisa ikiwa haina tena nafasi ya kuandika. Yaani afadhali kazi ikome kuliko iendelee bila shahidi.

Kanuni hiyo ya pili si ngeni ziwani. Kwenye fuo zetu, chini ya kanuni za Beach Management Unit za mwaka 2007, BMU ndiyo yenye jukumu la kuweka kumbukumbu za samaki wanaoletwa nchi kavu. Mvuvi ana hesabu yake kichwani, mnunuzi ana yake mfukoni, na karani wa BMU ana daftari la tatu. Mbuta akipungua kilo njiani, tunajua pa kwenda kuangalia. Kama daftari lingekuwa moja tu, tena mikononi mwa mwenye faida, lingekuwa la kazi gani?

Lakini tuwe wakweli: daftari ambalo hakuna anayelisoma halilindi mtu. Mashine yenye shughuli nyingi huandika mistari mingi kupita kiasi, na mtu akikagua mara moja kwa mwaka, mwizi amekwisha kula na kusahau. Kwa hiyo kampuni lazima iwe na watu wa kulisoma, na watu hao wasiwe ndio hao hao wanaoandikwa humo.

Sheria inasema nini

Kwa miaka ya mwanzo, seva za M-PESA zilikuwa Ujerumani. Mwaka 2015 zikahamishiwa Kenya. Leo rekodi za Mkenya zikiwa mikononi mwa kampuni, sheria za Kenya zina meno ya kutosha:

- Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kujua data yako inatumiwaje, kupata nakala yake, na kudai irekebishwe ikiwa na makosa. Kanuni za mwaka 2021 zinataka ombi lako la kuona data lijibiwe ndani ya siku 7.
- Data ikivuja na kukiwa na hatari ya kweli kwa mwenye data, kampuni inatakiwa kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72.
- Usiporidhika, unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna, na sheria inataka malalamiko yakamilishwe ndani ya siku 90.
- Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018 inamlenga mtu anayeingia kwenye mfumo bila idhini: faini hadi shilingi milioni 5, ama kifungo hadi miaka 3, ama vyote viwili.
- Sheria ya kupambana na utakatishaji wa fedha ya mwaka 2009 inataka rekodi za miamala zitunzwe angalau miaka 7. Kwa hiyo usikubali kuambiwa muamala wa mwaka jana "umeshapotea kwenye mfumo".

Jambo moja la kuelewa: kuomba data yako hakumaanishi utapewa jina la mfanyakazi. Lakini unaweza kusema wazi kwamba unashuku akaunti yako ilifunguliwa bila sababu, na kuomba ichunguzwe. Hapo daftari linafunguliwa. Bila lile daftari, uchunguzi ungekuwa neno lako dhidi ya neno la mtu mwingine.

Upande wako: daftari huandika ufunguo, haliandiki mkono

Haya yote yana kikomo kimoja. Kompyuta haioni uso. Inaona ufunguo. Fundi akimpa mwenzake nenosiri lake, daftari litaandika jina la aliyelitoa. Ndiyo maana kwenye kampuni za malipo kutoa nenosiri kwa mwenzako ni kosa la kazi, hata kama mwenzako ni ndugu yako.

Namba yako ya siri ni hivyo hivyo. Ukimpa mtoto akutolee pesa, ukimtajia wakala kwa sababu umesahau miwani, ukimwachia mtu wa boda akulipie mafuta, daftari litaandika kwamba ni wewe. Kesho pesa ikitoka bila ruhusa yako, tutafungua rekodi na tutakuta: laini ni yako, namba ya siri ni sahihi, jaribio la kwanza. Hatutakuwa na alama ya mtu mwingine, kwa sababu hakuacha.

Kwa hiyo:

1. Namba ya siri iwe ya mtu mmoja. Kama mwingine anaijua, ibadilishe leo. Kama pesa ni za chama ama biashara, uliza kuhusu akaunti ambayo kila mhusika anaingia kwa jina lake, ili daftari liwatofautishe.

2. Ujumbe ukichelewa, usitume tena. Angalia salio kwanza ama taarifa ya miamala. Simu inaweza kukosa mtandao kule Rusinga wakati pesa imeshafika.

3. Taja namba ya muamala kila unapolalamika. Ile namba ya herufi na tarakimu iliyo kwenye ujumbe ndiyo inayotupeleka kwenye mstari wenyewe bila kuzunguka.

4. Kuwa makini na saa. Kompyuta nyingi huandika saa ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa 3. Mstari wa 18:05 kwenye daftari ni 21:05 kwenye simu yako, na kwa Kiswahili ni saa tatu na dakika tano usiku. Ukisema "saa tatu" peke yake, mwingine ataelewa asubuhi, mwingine usiku, mwingine 03:00. Sema "saa tatu usiku", na usome pia saa iliyo kwenye ujumbe.

5. Usifute ujumbe wa uthibitisho. Hilo ni daftari lako wewe, na haliko mikononi mwetu. Likipishana na letu, tuna pa kuanzia.

6. Simu ikipoteza mtandao ghafla na ya jirani inashika, piga ripoti mara moja ukitumia simu nyingine. Inawezekana mtu amebadilisha laini yako. Kila dakika unayongoja, daftari linaendelea kuandika kwamba anayetuma ni wewe.

Na ukishuku kwamba mtu ameangalia mambo yako, usione haya kuuliza. Andika tarehe, eleza kilichokufanya ushuku: nani alijua nini, na alikijua lini. Sema unataka ufikiaji wa akaunti yako ukaguliwe, na uombe namba ya malalamiko. Ile namba ni mstari wa kwanza wa daftari jipya, na safari hii ni sisi tunaoandikwa.